"Bali" isigeuke wali

Mtu wa Kolwezi akikwambia katoka Mashamba, usimwulize mahindi yanaendeleaje. Mashamba ni machimbo ya shaba. Wewe utaelewa kwa kumsikiliza. Kompyuta lazima ipewe ruwaza: tafuta neno lenye M kubwa. Na sentensi ikianza na mashamba ya jembe? Imekwama.

Ruwaza hizo, rejeksi kwa lugha ya watengeneza programu, chimbuko lake ni hesabu za Stephen Kleene miaka ya 1950. Mwaka 1968 Ken Thompson akaeleza namna ya kuzitumia kusaka maandishi kwa kompyuta. XML, mtindo wa kuvika maandishi alama, ulipitishwa Februari 1998. Cha ajabu, XSLT, lugha ya kugeuza nyaraka za XML, ilitoka 1999 bila rejeksi. Watu wakawa wanakatakata maneno kwa mkono hadi toleo la pili, Januari 2007.

Huko Katanga, eneo lenye Kolwezi, kazi ya kunyoosha maandishi haikungoja kompyuta. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, aliandaa historia ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo) kwa Kiswahili cha mjini humo. Ilipigwa taipu, maneno mengine yameungana, mengine yamekatika pasipotarajiwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye mwaka 1966 na 1967 alichunguza kundi la kidini la Jamaa huko Kolwezi, alimwomba Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, aisome kwa sauti. Kilichosikika kikaandikwa upya. Kitabu cha Fabian chenye maandishi hayo kilitoka 1990.

Leo tungeshawishika kuiachia rejeksi kazi hiyo. Kule "walikuwa" ni "balikuwa". Haya, amuru kila "ba" ya mwanzo wa neno iwe "wa": baba anakuwa "waba", barua "warua". Ongeza sharti, "ba" ifuatwe na "li". Baba kapona, lakini "bali" imegeuka wali. Ongeza tena: baada ya "li" pawe na herufi nyingine, yaani \bbali\w+. Hapo "bali" inasalimika. Ila mpiga taipu akiacha nafasi, "ba likuwa", ruwaza inapita bila kuligusa neno hilo. Na katika XML, alama ya ukurasa mpya ikiangukia katikati ya neno, kila kipande husomwa peke yake.

Mimi hata ikiwezekana nisingeifuta "balikuwa". Ningeiacha ilivyo, na "walikuwa" niiweke kando yake, ndani ya alama yake yenyewe.