Mpira wa Kulipwa Mwisho wa Reli

Kucheza mpira kwa mshahara ni kazi changa kuliko karibu kazi zote zilizowahi kulisha familia za Kigoma na Ujiji. Uvuvi wa dagaa, biashara ya mawese, uchuuzi wa chumvi ya Uvinza na upagazi vilikuwa vimeshamiri Ujiji kabla ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke kufika mwaka 1858. Mpira wa miguu ulikuja baadaye sana, zama za ukoloni, kupitia shule, jeshi na sehemu za kazi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji walishika mji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakawaachia Waingereza mwaka 1921. Makarani, mafundi wa reli na wafanyakazi wa bandari walicheza jioni baada ya kazi, na aliyewika uwanjani alipata sifa, si fedha.

Fedha ilikuwa upande wa pili wa reli, Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 1,250. Chama cha soka cha Tanganyika kiliundwa mwaka 1930. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye iliitwa Sunderland na tangu 1971 inajulikana kama Simba. Zote mbili zilikulia Kariakoo na mitaa inayoizunguka, mahali ambapo Wamanyema na watu wengine waliotokea Ujiji walikuwa wamelowea tangu enzi za misafara. Jambo hili lina uzito katika historia ya wachezaji wa Kigoma. Kijana aliyeshuka stesheni ya Dar es Salaam na viatu vyake vya mpira aliweza kumpata shangazi au mjomba wa kumpa mahali pa kulala huku akisubiri kujaribiwa na klabu. Bila ndugu hao, safari ya zaidi ya siku moja garini ingeishia kwenye benchi la stesheni.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ikawa bingwa wa kwanza. Lakini kucheza kwa malipo hakukuwa halali kwa maana ya leo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na msimamo wa wakati huo ulikuwa kwamba michezo ni ya ridhaa. Kilichofuata ni utaratibu ambao kizazi kizima cha wachezaji kiliuishi: mchezaji aliajiriwa na shirika la umma kama karani, dereva, mlinzi au mtunza ghala, na alilipwa kwa cheo hicho, ingawa sababu ya kuajiriwa ilikuwa miguu yake. Timu kama Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro na RTC Kagera zilisimama juu ya msingi huo. Utaratibu huo haukumtajirisha mtu, lakini ulikuwa na utu ambao haujapatikana tena kirahisi. Mchezaji aliyevunjika goti alibaki na ajira, na aliyestaafu soka alirudi kwenye meza yake ya kazi.

Njia nyingine ilifunguliwa na Sunday Manara, mshambuliaji wa Yanga na Taifa Stars aliyepewa jina la Kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na Heracles ya Almelo, Uholanzi, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza Marekani, Austria na Dubai. Hata hivyo katika mlango huo walipita wachache mno kwa miaka mingi. Nyumbani nako mambo yaliharibika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufa, na timu zake nyingi zikafa pamoja nayo. Mchezaji wa mkoani akabaki bila ajira ya shirika na bila klabu yenye uwezo wa kumlipa.

Ni katika kipindi hicho kigumu alipoibuka mchezaji anayeonyesha vizuri zaidi jinsi kazi hii inavyokwenda. Juma Kaseja, kipa mzaliwa wa Kigoma, alianza kufahamika akiwa na Moro United, kisha akasajiliwa na Simba. Mwaka 2003 Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Kila timu ilishinda 1-0 kwake. Cairo, mbele ya mashabiki wa wenyeji, mambo yakaamuliwa kwa penalti, na Kaseja, aliyekuwa bado kijana mdogo, akaokoa mikwaju iliyoipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Simba ilipangwa pamoja na Enyimba, Ismaily na ASEC Mimosas. Tangu hapo mashabiki walimwita Tanzania One, na kwa miaka mingi jezi ya kipa wa Taifa Stars ikawa yake.

Maisha yake ya kazi hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Alihamia Yanga, akarudi Simba, akaenda tena Yanga, kila mara katikati ya kelele za mashabiki ambao kwao kuvuka mpaka huo ni jambo la kuumiza. Kisha akapita Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, klabu ndogo ambako wengi walidhani anamalizia tu. Kipa ana bahati ambayo winga hana: mbio zikipungua, uzoefu wa kusoma mpigaji unabaki. Mwaka 2019, akiwa KMC, aliitwa tena timu ya taifa. Jijini Nairobi, yeye akiwa langoni, Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika kuwania kufuzu CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Mwezi uliofuata, Dar es Salaam, ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0 katika kuwania kufuzu Kombe la Dunia, na Warundi hawakufunga hata mkwaju mmoja. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu Cairo. Baadaye aligeukia ukocha wa makipa, ambao ndio pensheni ya kawaida ya mwanasoka wa Kitanzania mwenye jina.

Ushindi dhidi ya Burundi ulikuwa pia habari ya ziwa moja, maana Bujumbura na Kigoma zinatazama maji yaleyale. Upande wa kaskazini kazi ya soka ilipata mkondo wake. Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992. Saidi Ntibazonkiza, mzaliwa wa mji huo, alicheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa kabla ya kuja kuvaa jezi za Yanga, Geita Gold na Simba, na msimu wa 2022/23 alimaliza akiwa mfungaji bora pamoja na Fiston Mayele, kila mmoja na mabao 17. Amissi Tambwe, Mrundi mwingine, alikuwa mfungaji bora akiwa Simba na tena akiwa Yanga. Kwa hawa wote, ligi ya Tanzania ilikuwa imekuwa mahali pa kutafuta riziki.

Mvuto huo uliongezwa na fedha za matangazo. Mwaka 2021 shirikisho la soka na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mgawo wa kila klabu uliwezesha hata timu za mikoani kuandika mikataba ya kweli, yenye ada ya usajili na mshahara wa mwezi. Mwaka huohuo, Julai 25, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, na Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Mji ulifurika wageni.

Kigoma ilikuwa bado haina timu Ligi Kuu. Iliipata mwaka 2023, Mashujaa, timu ya Jeshi la Wananchi, ilipoishinda Mbeya City katika mechi za mchujo. Aprili 2024, kwenye uwanja huohuo, Mashujaa iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Kijana wa Ujiji au Mwanga anaweza sasa kusaini mkataba wa kucheza Ligi Kuu bila kupanda treni. Wenye vipaji vikubwa bado huondoka, kwa kuwa Dar es Salaam ndiko kwenye klabu zinazolipa zaidi na zinazoonekana na mawakala wa nje.