Magofu ya Italia: Nani Aliyeivunja Roma?

Mtu alitazamapo gofu la kale, swali la kwanza limjialo moyoni ni hili: Nani aliyelijenga? Swali hilo ni jema, lakini liko la pili lenye mafunzo zaidi, nalo ni hili: Nani aliyelivunja? Sisi wawili, mume na mke, tulisafiri kwa motokaa katika nchi ya Italia, tangu mji wa Roma hata Paestum upande wa kusini, tukiyatazama majengo ya watu wa zamani. Na kila tulipofika tuliuliza maswali yote mawili. Katika mazungumzo haya tutawaeleza majibu tuliyoyapata, kwa maana yanawahusu hata watu ambao hawataiona Italia maisha yao yote.

Safari yenyewe si ndefu. Toka Roma mpaka Napoli ni maili 140 hivi, na toka Napoli mpaka Paestum ni kama maili 60. Magari ya huko hupita upande wa kulia wa njia, kinyume cha desturi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo mmoja wetu alishika usukani na mwenzake alishika ramani, akiangalia njia panda. Iko barabara kubwa ya kulipia, ambayo mtu aweza kufika Napoli kabla jua halijapanda sana. Lakini sisi tuliipenda njia ya kale, na habari zake tutazieleza mbele.

Tuanze na Roma. Jengo lijulikanalo kuliko yote mjini humo ni uwanja mkubwa wa michezo uitwao Colosseum. Kaisari Vespasian ndiye aliyeanza kuujenga, na mwanawe Titus akaufungua mwaka 80 baada ya Kristo kwa michezo iliyoendelea siku 100. Urefu wake wapita futi 600, upana wake wapita futi 500, na watu wapatao 50,000 waliweza kuketi humo, kila mmoja kwa daraja yake: wakuu chini karibu na mchanga, maskini juu kabisa. Hapo mchangani watu walipigana kwa panga mpaka kufa, na wanyama wa porini, wengine wametoka Afrika, waliuawa kwa maelfu ili watazamaji wafurahi. Basi yafaa mtu autazame uzuri wa jengo hilo bila kusahau kazi iliyofanyika ndani yake.

Leo zaidi ya nusu ya ukuta wa nje haipo, na ukuta uliobaki una matundu mengi kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Watu wengi hudhani kwamba maadui waliotoka kaskazini ndio walioyafanya hayo. Ni kweli kwamba Wagothi waliuingia mji mwaka 410 na Wavandali mwaka 455, wakachukua dhahabu, fedha na watu. Lakini watekaji nyara wana haraka. Hawana nafasi ya kubomoa kuta za mawe. Tetemeko la nchi la mwaka 1349 liliangusha upande wa kusini wa uwanja ule, na hapo ndipo wenyeji walipoanza kazi. Mawe yaliyoanguka yalichukuliwa kujenga majumba na makanisa. Katika mwaka 1452 peke yake mikokoteni zaidi ya 2,000 ya mawe iliondolewa hapo. Yale matundu ukutani nayo yalichimbwa na watu waliotafuta vyuma vilivyofunga jiwe kwa jiwe. Na marmari nyeupe, zilizokuwa zimechongwa sanamu na maandishi, zilitiwa katika matanuu zikachomwa kuwa chokaa. Watu wa pwani yetu, wanaojua kuchoma mawe ya matumbawe, wataifahamu kazi hiyo mara moja; ila tanuu la Roma halikula mawe ya baharini, lilikula kazi za mafundi wa miaka elfu. Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Roma haikuliwa na mgeni sana. Ililiwa na wana wa nyumba yake.

Lakini si mbali na hapo liko jengo jingine, liitwalo Pantheon, nalo limesimama zima. Lilijengwa zamani za Kaisari Hadrian, likamalizika yapata mwaka 126. Paa lake ni kuba moja ya zege isiyo na chuma ndani yake, upana wake futi 142. Na mpaka leo hapana kuba ya zege ya namna hiyo iliyo kubwa kuliko hiyo duniani. Ujuzi wa mafundi wake ulikuwa huu: chini walitia mawe mazito katika zege, na kadiri walivyopanda walitia mawe mepesi zaidi, hata juu kabisa wakatumia yale mawe yenye vitundu yatokayo katika mlima wa moto. Katikati ya kuba waliacha tundu la duara, upana wake kama futi 28, liingizalo mwanga. Na mvua ikinyesha, maji hupita katika vijitundu vya sakafuni. Kwa nini jengo hili halikuvunjwa? Kwa sababu mwaka 609 liligeuzwa kuwa kanisa, na tangu hapo halikukosa mwenyewe wa kulifagia na kuliziba. Hata hivyo katika karne ya 17 Papa Urban VIII aliing'oa shaba ya barazani mwake ili kufanyia mizinga, na watu wa mji wakamfanyia kejeli isiyosahauliwa mpaka leo. Tunajifunza neno moja hapa: nyumba yenye mtu hudumu kuliko nyumba yenye sifa.

Tulipotoka Roma tulishika ile njia ya kale, Via Appia. Ilianzishwa mwaka 312 kabla ya Kristo na mkuu mmoja aitwaye Appius Claudius, ili majeshi yapate kwenda upesi mpaka Capua. Baadaye iliendelezwa hata Brindisi, bandari ya kuvukia kwenda Uyunani. Karibu na Roma mawe yake meusi yangalipo, mapana kama meza, na magurudumu ya magari ya kale yamechimba mifuo ndani yake. Pande zote mbili yako makaburi, kwa sababu sheria ya Warumi ilikataza kuzika maiti ndani ya mji. Motokaa haifai kupitishwa juu ya mawe yale; tuliiacha kando tukatembea kwa miguu chini ya misonobari.

Lakini njia hiyo nzuri ina habari ya kutisha. Mwaka 73 kabla ya Kristo mtumwa mmoja jina lake Spartacus alitoroka katika chuo cha wapiganaji huko Capua, yeye na wenzake wachache. Watumwa wengi wakamfuata hata wakawa jeshi kubwa, nalo likayashinda majeshi ya Roma mara kadha wa kadha. Mwaka wa 71 Crassus aliwashinda, Spartacus akauawa vitani, na mateka 6,000 wakasulibiwa kando ya Via Appia, tangu Capua hata Roma. Pigeni hesabu, ninyi wanafunzi: kama misalaba ile ilipangwa sawasawa, basi kila baada ya hatua 40 hivi msafiri aliuona msalaba mmoja, safari nzima ya siku nyingi. Makaburi ya matajiri yapo kando ya njia mpaka leo, na majina yao yasomeka. Katika watu wale 6,000 hapana hata mmoja mwenye jiwe. Kwa hiyo asomaye magofu lazima aone na kile kisichokuwapo.

Toka hapo tuliteremka mpaka Pompeii, chini ya mlima wa moto uitwao Vesuvius. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima ulipasuka. Kijana mmoja wa miaka 17, Plinius Mdogo, aliyaona hayo kutoka ng'ambo ya ghuba; alisema kwamba wingu lililopanda lilikuwa na umbo la msonobari, shina refu na matawi juu. Mjomba wake, aliyekuwa mkuu wa manowari, alikwenda kwa merikebu kuwaokoa watu, naye akafia huko. Zamani vitabu vilisema kwamba siku ile ilikuwa tarehe 24 Agosti. Lakini mwaka 2018 yalionekana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ilingananayo na 17 Oktoba, na sasa wataalamu wengi wanaona kwamba msiba ulitokea wakati wa vuli. Ndivyo ilivyo elimu ya mambo ya kale: mstari mmoja wa mkaa waweza kusahihisha vitabu vya karne nyingi.

Majivu na changarawe zilizoufunika mji ule ndizo zilizouhifadhi. Kwa kuwa ulizikwa, haukuchomwa chokaa. Wachimbaji walianza kazi mwaka 1748, na hata leo theluthi moja hivi ya mji haijafukuliwa. Tulitembea katika njia zake, tukavuka kwa kukanyaga mawe yaliyoinuliwa ili watu wasiloe miguu. Tuliona migahawa yenye meza za mawe na mitungi iliyojengewa ndani yake, ambamo chakula kilipakuliwa kwa wapita njia. Tuliona kuta zilizopakwa maandishi mekundu ya kuwaombea watu kura. Katika tanuu la mwoka mikate mmoja ilikutwa mikate 81, imeungua kuwa mkaa, lakini bado yaonyesha alama za kukatia vipande vinane. Watu nao wangalipo kwa namna yao: miili ilipooza ndani ya majivu yaliyogandamana iliacha nafasi tupu, na mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli akabuni kumimina plasta katika nafasi hizo. Basi mtu huonekana alivyolala saa ya kufa, mkono umefunika uso.

Mwishoni mwa mwaka 2023 zilitangazwa habari za mahali pengine pa kuoka mikate palipofukuliwa humo. Kilikuwa chumba kisicho na mlango wa kwendea nje. Madirisha yake madogo yalikuwa juu na yamezuiwa kwa vyuma. Na sakafuni mlikuwa na mfuo wa duara wa kuwaongoza punda waliozungusha mawe ya kusagia. Wataalamu wanasema watumwa na punda walifungiwa humo pamoja. Hawa ndio ndugu za wale 6,000 wa njia ya Appia, na hapa angalau chumba chao kimesema.

Hata mji uliohifadhiwa na majivu waweza kufa mara ya pili. Mwezi wa Novemba 2010 nyumba moja ya wapiganaji mle Pompeii ilianguka yenyewe baada ya mvua, kwa kukosa kutunzwa. Baada ya aibu hiyo zilitumika fedha nyingi kutengeneza kuta na mifereji. Wazee wetu walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Paestum. Mji huo ulijengwa na Wayunani yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na Warumi waliutwaa mwaka 273. Mahekalu matatu makubwa yamesimama humo uwandani, la kale kuliko yote lina nguzo tisa mbele na kumi na nane ubavuni. Ni wazee kuliko Colosseum kwa miaka 500 na zaidi, nayo yamehifadhika vizuri zaidi. Aliyeyalinda ni nani? Ni mbu. Mto ulijaza mchanga, maji yakatuama, homa ya malaria ikaingia, na wenyeji wakahamia vilimani. Kwa muda wa karne nyingi hapakuwa na watu wengi wa kuchukua mawe. Watu waliporudi, barabara mpya ilipitishwa katikati ya uwanja wa michezo wa kale, ikaukata vipande viwili, nayo yaonekana hivyo mpaka leo.

Sasa tukusanye majibu yetu. Majengo ya Italia yaliokolewa na mambo matatu: matumizi, maafa, na upweke. Pantheon lilitumiwa, Pompeii ilizikwa, Paestum iliachwa. Yaliyobaki yaliharibiwa na watu wasio waovu. Walikuwa wajenzi waliohitaji mawe, na jiwe lililochongwa lilikuwa karibu.

Jambo hili si geni pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika zama zile za Kaisari wa Roma, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani wa Misri aliandika habari za bahari yetu, akautaja mji wa Rhapta uliouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Jina lipo kitabuni. Mahali pake wataalamu hawajapatana mpaka leo, maana hakuna ukuta uliosimama kuwaonyesha. Lakini Kilwa Kisiwani ipo, na Gedi ipo. Tena mwaka 2024, katika mkutano ule ule wa UNESCO, njia ya Appia na mji wa Gedi viliandikwa pamoja katika orodha ya urithi wa ulimwengu wote. Mawe yetu yamewekwa daraja moja na mawe ya Kaisari.

Lakini orodha haishiki fagio, wala haimkatazi mtu mwenye mkokoteni. Basi mwenye shamba karibu na gofu na asing'oe jiwe lake, hata liwe jepesi kuchukulika. Mwanafunzi na asiandike jina lake ukutani. Na aandike daftarini majina ya mahali na habari ambazo wazee wa kijiji wanazo, kabla hazijapotea. Na aulize maswali yote mawili: nani aliyelijenga, na nani aliyelivunja. La kwanza litamwonyesha mafundi, mabwana na watumwa wao. La pili huenda likamwonyesha jirani yake, au yeye mwenyewe, na hapo ingalipo nafasi ya kuzuia.