Mpiga Bunduki Aliyerudi Motoni

Mara nyingi tusikiapo sifa za ushujaa wa vita, twadhani ni habari za mtu aliyeua adui wengi. Leo twataka kueleza habari za askari ambaye nishani yake haikutokana na bunduki zake.

Jina lake ni Andrew Mynarski, mzaliwa wa Winnipeg katika nchi ya Kanada, mwana wa wazazi waliohamia huko kutoka Polandi. Mwaka 1941 aliingia katika Jeshi la Anga la Kanada, akafunzwa kazi ya mpiga bunduki. Ndege yao, Lancaster, ilichukua watu saba. Wawili kati yao walikaa katika vibanda vya bunduki, mmoja mgongoni na mmoja mkiani, wailinde ndege na adui. Mynarski alikuwa wa mgongoni; wa mkiani alikuwa rafiki yake, Pat Brophy.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, siku chache baada ya majeshi kushuka pwani ya Normandy, walitumwa kuipiga reli ya Cambrai, Ufaransa, ili Wajerumani wasipate njia ya kuleta askari. Ndege ya adui ikawajia kwa chini, upande wa nyuma, ikawapiga. Injini mbili za kushoto zikafa, moto ukawaka. Rubani akaamuru wote waruke.

Mynarski alikuwa amekwisha kufika mlangoni alipomwona mwenziwe amenaswa. Kibanda cha mkiani kiligeuzwa kwa nguvu za injini zile zilizokufa, na hata chombo cha kukizungusha kwa mkono kilikuwa kimevunjika. Basi akauacha mlango, akapita katikati ya moto, akajitahidi kukifungua, huku nguo zake na mwavuli wake vikiwaka. Brophy akamwashiria aende zake. Akarudi mlangoni, akamgeukia, akasimama wima, akampigia saluti, ndipo akaruka. Wafaransa walimwona akishuka naye anawaka. Wakamwokota, lakini alikuwa ameungua mno, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 27.

Na Brophy je? Ndege ilianguka naye ndani, akatupwa nje, akapona! Yeye ndiye aliyesimulia mambo haya. Kama angalikufa, nani angalijua? Mwezi wa Oktoba 1946 Mynarski akapewa Victoria Cross, naye yu kaburini Méharicourt.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu hakuweza kumfaa mwenziwe, lakini hakukubali kuondoka bila ya kujaribu.