Uchoraji wa taratibu za kazi serikalini: mbolea ya ruzuku Ufipa

Uchoraji wa taratibu za kazi ni ufundi wa kuonyesha kwa mchoro nani anafanya nini, kwa idhini ya nani, na taarifa gani inapita mkono hadi mkono mpaka mwananchi ahudumiwe. Alama zinazotumika sana ni za BPMN, zilizokubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2013: duara ni tukio, mstatili ni kazi, almasi ni uamuzi, na kila ofisi ina mlia wake.

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, utaratibu unaostahili kuchorwa mapema kuliko mingine ni wa mbolea ya ruzuku. Mkulima wa mahindi anategemea mvua za msimu mmoja, zinazoanza karibu na Novemba. Taarifa ikikwama ofisini, mbolea ya kupandia inamkuta mahindi yameshaota.

Katika mpango wa vocha ulioanza 2008, vocha zilishuka kutoka wizarani hadi mkoani, wilayani na kijijini, ambako kamati iliyochaguliwa na wanakijiji iliteua wanufaika. Mkulima alimkabidhi wakala wa pembejeo vocha pamoja na fedha ya kujazia. Wakala akaipeleka benki ya NMB kulipwa. Kila kituo kilidai sahihi, na kila sahihi ilikuwa nafasi ya kuchelewa au kughushi.

Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022 ilifuata njia nyingine. Mkulima anaandikishwa kijijini, taarifa zake zinaingizwa katika mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), anapata namba kwa simu, na wakala anaihakiki kabla ya kumuuzia. Msimu huo mfuko wa kilo 50 wa urea ulipangiwa shilingi 70,000.

Mchoraji anayeanzia kwenye mfumo wa kompyuta ataufanya usajili kuwa mstatili mmoja, na hapo ndipo mchoro unapoharibika. Ndani ya mstatili huo mna maamuzi mazito: ekari zilizotajwa zinalingana na daftari la kijiji? Shamba la kukodi linaandikwa kwa jina la nani? Asiye na simu anaipataje namba? Kila almasi inahitaji njia ya “hapana” na mtu wa kuishughulikia, ambaye mara nyingi ni mtendaji wa kijiji.

Mkondo wa taarifa zinazorudi kijijini nao uchorwe. Orodha ya mauzo ya mawakala wa Matai au Namanyere, mkoani humo, ikimfikia mtendaji kila wiki, atawajua waliokosa mbolea kabla ya palizi.