Kutoka Gwaride hadi Spartacus: Vita ndani ya vikosi vya ngoma vya Marekani

Mji wa Casper, jimboni Wyoming, una jina la luteni aliyekufa akiwa na umri wa miaka 20. Caspar Collins, wa Kikosi cha 11 cha wapanda farasi kutoka Ohio, aliuawa tarehe 26 Julai 1865 karibu na daraja la mto Platte. Alikuwa ametumwa na askari wachache kwenda kuulaki msafara wa mikokoteni ya jeshi, wakakutana na wapiganaji wa Kilakota na Kicheyenne waliowazidi mno kwa wingi. Ngome ya hapo ikapewa jina lake, kisha mji, na tahajia ikapotoka njiani hadi Caspar akawa Casper.

Mwaka 1957, Jim Jones wa mji huo alianzisha bendi ya vijana ya ngoma na baragumu akaiita Troopers. Aliwavisha sare ya askari wa Collins: koti la buluu, mstari wa njano kwenye suruali, kofia pana yenye panga mbili zilizopishana. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Kati ya 1948 na 1950, mwongozaji John Ford alikuwa ametoa filamu tatu za wapanda farasi wa jeshi la Marekani, Fort Apache, She Wore a Yellow Ribbon na Rio Grande, zote akiwamo John Wayne. Bendi ilipoingia uwanjani na kupiga Battle Hymn of the Republic, wimbo wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, watu waliona sinema waliyoijua tayari, safari hii ikiwa hai mbele yao. Wale waliokuwa upande wa pili wa daraja hawakuwa na sare uwanjani.

Hizi ndizo bendi ambazo Wamarekani huziita vikosi vya ngoma, na neno hilo la kijeshi si pambo. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, wanajeshi waliorudi nyumbani walianzisha chama cha American Legion mwaka 1919. Matawi yake yalitapakaa nchi nzima, na mengi yakaunda bendi zake. Vyombo havikuwa tatizo, kwani baragumu na ngoma za jeshi zilikuwa zimebaki kwa wingi, na wapigaji walikuwa askari wenyewe. Chama kingine cha wapiganaji wa zamani, Veterans of Foreign Wars, kilifanya vivyo hivyo. (Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoitoa ngoma ya beni pwani ya Afrika Mashariki na kuieneza bara, mikononi mwa askari na wapagazi waliokuwa wameiga gwaride la wakubwa wao. Watu wa mabara mawili, kila upande kwa njia yake, waligeuza mazoezi ya kambini kuwa mashindano.)

Baadaye wazee waliwapisha vijana, lakini kanuni zilibaki za kambini. Bendi ilianzia mstari wa upande mmoja wa uwanja na kumalizia upande wa pili, kama kikosi kinachovuka ardhi. Ilikuwa lazima kuiheshimu bendera ya taifa kwa sehemu maalumu ya onyesho, na aliyeiangusha aliigharimu bendi yake pointi. Waliobeba bendera walilindwa na wenzao wenye bunduki za mbao. Kabla ya kupiga hata noti moja, vijana walikaguliwa vifungo na viatu. Majaji walitembea katikati yao wakati wakipiga, kalamu mkononi, na kila kosa waliloliona au kulisikia liliondoa sehemu ya kumi ya pointi. Bendi iliingia ikiwa na alama kamili, kazi yake ikawa kutozipoteza. Holy Name Cadets, walioanza mwaka 1934 katika parokia ya Garfield, New Jersey, walivaa sare iliyoigwa kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka huo huo wa 1934 jeshi la majini la Marines liliunda kikosi chake cha ngoma na baragumu, ambacho baadaye kilitumbuiza mara nyingi kwenye mashindano ya vijana.

Naona jambo moja katika kipindi hicho chote. Bendi zilikuwa na kila kitu cha vita isipokuwa vita vyenyewe. Zilikuwa na sare, amri, bendera, bunduki na nyimbo za ushindi. Hakuna aliyejeruhiwa, wala aliyekuwa na hofu. Kifo hakikuwa na mahali katika onyesho ambalo jaji wake alikuwa akihesabu makosa ya hatua.

Mabadiliko yalianzia kwenye fedha na madaraka. Viongozi wa bendi walichoka kuona vyama vya wapiganaji wa zamani vikiamua kanuni, ratiba na malipo. Mwaka 1971 wakaunda chombo chao, Drum Corps International, na mmoja wa waliosukuma wazo hilo alikuwa Jim Jones yule yule wa Casper. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika Whitewater, Wisconsin, Agosti 1972, na Anaheim Kingsmen wa California wakashinda. Mtu aliyevisha vijana koti la askari ndiye aliyesaidia kuziondoa bendi mikononi mwa askari wa zamani.

Mlango ulipofunguliwa, wengi walipita. Bridgemen wa Bayonne walitokea wakiwa na makoti marefu ya njano na kofia pana nyeusi, utani mtupu kwa wale waliopenda ukaguzi wa vifungo. Lakini pigo kubwa zaidi lilitoka kwa wavaa sare wenyewe. Mwaka 1983, Garfield Cadets, warithi wa Holy Name Cadets, waliingia na ramani ya uwanja iliyochorwa na George Zingali. Badala ya mistari iliyofanana kulia na kushoto, watu walijikunja, wakatawanyika na kuungana upya bila ulinganifu wa gwaride. Walitwaa ubingwa, wakautetea 1984 na 1985. Baada ya msimu huo wa 1983, utaratibu wa kuhesabu makosa uliachwa, majaji wakaanza kupima kilichojengwa. Kwangu huu ndio mwaka wenye uzito kuliko yote katika historia hii, kwa sababu kuanzia hapo bendi ingeweza kusimulia hadithi ambayo mtu anaanguka ndani yake.

Hadithi zikaja. Mwaka 1991 Santa Clara Vanguard walipiga muziki wa Miss Saigon, tamthilia iliyofunguliwa London mwaka 1989 kuhusu mapenzi yaliyovunjwa na kuanguka kwa Saigon mwaka 1975. Miaka 16 tu ilikuwa imepita tangu Wamarekani wa mwisho waondoke kwa helikopta, na vita walivyoshindwa vikawa vinachezwa kwenye viwanja vilivyolelewa na nyimbo za ushindi. Mwaka 1996 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walijenga onyesho juu ya muziki wa Shostakovich, mtunzi aliyeandika akiwa chini ya jicho la Stalin, wakalingana kwa pointi na bendi ya Blue Devils na kugawana nayo ubingwa.

Phantom hao hao walikuwa na deni la zamani. Mwaka 1981 na 1982 walikuwa wamepiga muziki wa baleti ya Khachaturian, Spartacus, juu ya mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma kuanzia mwaka 73 kabla ya Kristo. Mwaka 2008 walirudi kwake, safari hii wakiwa na filamu ya Stanley Kubrick ya 1960 akilini. Katika filamu hiyo watumwa waliotekwa wanasimama mmoja mmoja, kila mtu akidai kuwa yeye ndiye Spartacus, ili kiongozi wao asitambulike. Aliyeandika mswada, Dalton Trumbo, alikuwa amefungiwa kazi Hollywood kwa miaka mingi kwa kukataa kulijibu bunge kuhusu ukomunisti. Vijana wa Rockford walipaza dai lile lile, sauti baada ya sauti, kutoka kila pembe ya uwanja.

Kisha Spartacus akamuua kiongozi wa bendi.

Ni vigumu kueleza ukubwa wa tendo hilo kwa asiyejua desturi. Kiongozi wa bendi ndiye kamanda. Saluti yake ndiyo iliyofungua maonyesho tangu enzi za American Legion. Phantom walimpa nafasi ya Mrumi, bwana wa watumwa, wakamwangusha mbele ya umma. Katika historia ya kweli Roma ilishinda, na waasi 6,000 wakasulubiwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Uwanjani Bloomington, Indiana, walioshinda ni watumwa, na Phantom wakatwaa ubingwa kwa pointi 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils.

Mwaka 2016 Bluecoats wa Canton, Ohio, waliziacha kofia na sare za kijeshi, wakashinda ubingwa wao wa kwanza, na bendi nyingi zikafuata. Bunduki za mbao hazikuachwa. Bado zinarushwa hewani na kudakwa katika maonyesho ya mapenzi, ya ndoto, ya anga za juu, na mwaka wowote bendi ikitaka tena kusema jambo kuhusu vita, silaha tayari iko mikononi mwa vijana wake.