Kazi na haki: namna ya kufikisha karatasi ya mashitaka kwa patro

Mulinzi amefukuzwa bila barua. Shoferi anadai mishahara ya miezi tatu. Hapa Mabalako tunajua mambo hayo. Kiisha Ebola kutangazwa Mangina, tarehe 1 Agosti 2018, vijana wengi walipata kazi katika riposti. Wakati kazi iliisha, mwaka 2020, kuna wale walibaki wakidai feza zao. Kupiga kelele barabarani hakuachi alama. Karatasi inaacha.

Kwanza, andika barua ya kudai, kopi mbili. Moja inabaki kwa patro. Ya pili unarudi nayo, ikiwa na tarehe, sinyatire na kashe ya mwenye kupokea. Andika jina la kweli la mwajiri, lile liko kwenye kontra. Wengi wanakosea hapo: wanashitaki shefu wa kikundi, na deni ni la shirika.

Pili, nenda kwa inspekteri wa kazi. Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaomba mupite kwake mbele ya tribinali. Yeye ndiye anaandikia patro mwaliko, si wewe. Mukisikilizana, anaandika prose-verbali. Mukikosa kusikilizana, anaandika pia. Omba kopi yako na uichunge vizuri, kwani bila hiyo tribinali haitapokea mashitaka.

Tatu, tribinali. Pale tribinali ya kazi haijawekwa, kesi inasikilizwa na tribinali kubwa, ile wanaita grande instance. Usibebe mwito wewe mwenyewe, wala usitume ndugu ao polisi. Ni kazi ya mjumbe wa tribinali, yule tunaita wisye. Anaandika siku na jina la mwenye kupokea. Asipokuta patro, anaweza kuachia mutu wa nyumba yake. Kama ni kampuni, anapeleka kwenye ofisi yao. Na patro akikataa kupokea? Wisye anaandika kwamba amekataa, na kesi inaendelea.

Ndugu msikilizaji, usikawie. Deni la mshahara linapoteza nguvu kiisha mwaka 1 tangu siku ulipashwa kulipwa. Mashitaka mengine ya kontra, miaka 3. Patro akikwambia kila mwezi "ngoja kidogo", anza na ile barua ya kwanza.