Machozi Jasho na Damu (2001)

Radio One ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kutoka studio zake za Mikocheni, Dar es Salaam, rap ya Kiswahili ikapata nafasi hewani. Wazazi wengi waliiita muziki wa wahuni. Ndipo Joseph Haule, Profesa Jay, aliyetokea kundi la Hard Blasters, akatoa albamu hii, midundo ikisukwa na P-Funk Majani wa Bongo Records. Katika wimbo "Ndio Mzee" mwanasiasa anamwaga ahadi zisizotekelezeka, umati unaitikia. Wazee waliokuwa wakizima redio wakaanza kuongeza sauti: kijana alisema yaliyowakera wao pia, kwa Kiswahili wanachokielewa na ucheshi mkali. Mwaka 2015 Haule mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Mikumi.